Dhiraa Sita na Thuluthi Mbili: Kumuaga Mwalimu Haroub Kificho

Mwalimu Haroub Kificho Ngwali anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Skuli ya Sekondari ya Mkungumeni kwa miaka thelathini na saba, ukitia ndani mitano aliyokuwa Oman kwa likizo bila malipo. Aliajiriwa mwaka 1988 kusomesha jiografia na michezo. Jiografia aliisomesha vizuri. Michezo ndiyo iliyommalizia viatu, na ndiyo iliyompeleka nje ya nchi kufundisha mpira wa kikapu, jambo ambalo hakuna mwalimu mwengine wa skuli hii aliyewahi kulifanya.

Kamati ya maagano imempa mwandishi kurasa mbili na agizo moja: asisahau kulitaja jina la utani la mstaafu, Mwalimu Dhiraa, maana wageni wengi hawamjui kwa jina jengine. Mwandishi amekubali, kwa sharti kwamba naye aachiwe aeleze jina hilo lilitoka wapi. Hadithi inayosimuliwa katika ofisi ya walimu si ya kweli. Ilimgharimu Mwalimu Haroub nafasi ya masomo na miaka kumi na miwili ya kungoja, na kama haikurekebishwa leo, ataondoka nayo mgongoni. Mwandishi amesomesha hisabati hapa tangu mwaka 1993, na hapendi jibu lenye makosa libaki ubaoni.

Tuanze na sakafu. Mwaka huo wa 1993 skuli haikuwa na kiwanja kigumu hata kimoja. Mwalimu Haroub alikuwa na mipira miwili ya kikapu aliyotoka nayo chuoni Unguja, na wanafunzi waliokuwa wakiidundisha kwenye mchanga, nayo hairudi juu. Pahala pagumu pa pekee palikuwa sakafu ya saruji ya Bi Mwanakhamis, jirani wa skuli, ambayo huanikia karafuu zake. Mwalimu alikwenda kumuomba mara tatu akarudi mikono mitupu. Mara ya nne alipewa nusu ya sakafu, upande wa kibla, kwa masharti mawili: wachezaji wacheze bila viatu, na mvua ikija mchezo usimame, kila mtu aanue karafuu. Bi Mwanakhamis akamalizia kwa ile sauti yake isiyohitaji kipaza: “Nkiona nyayo pa karafuu zangu, mpira ntaupasua.”

Anayetaka kujua mbinu za Mwalimu Haroub zilitoka wapi asitafute mbali. Msimu ukiingia, majamvi ya karafuu yalijaa nusu ya pili ya sakafu hadi kwenye mstari, na siku nyengine yakauvuka. Mchezaji anayekimbia na mpira akifika kwenye jamvi ilimbidi asimame papo hapo, azunguke kwa mguu mmoja na atoe pasi. Aliyekanyaga jamvi alitolewa nje, akakaa na Bi Mwanakhamis kuchambua karafuu na makonyo, yaani vijiti vyake, mpaka mchezo uishe, huku akihojiwa mama yake anapika nini na kaka yake anaoa lini. Adhabu hiyo watoto waliiogopa kuliko bakora. Na kwa kuwa nusu sakafu haienei watu kumi, walicheza watatu kwa watatu, kwenye kikapu kimoja. Si kwamba walipenda. Ndiyo nafasi iliyokuwapo.

Sasa tufike kwenye kikapu chenyewe. Nguzo na ubao vilitengenezwa na Mzee Hamdan wa Kisiwa Panza, fundi wa vyombo, mtu mrefu wa kuinamia milango. Kitabu cha kanuni kilisema ringi isimame futi kumi kutoka chini. Futi kamba ya skuli ilikuwa imekatika vipande viwili na kimoja hakijulikani kilipo. Mzee Hamdan naye alisema mambo ya futi hayajui, aambiwe dhiraa ngapi. Basi akaitwa mwalimu mpya wa hisabati, ana miezi mitatu kazini na bado yumo katika majaribio, apige hesabu. Akapiga: dhiraa moja ni inchi kumi na nane, futi kumi ni inchi mia na ishirini, kwa hiyo ni dhiraa sita na thuluthi mbili. Akaiandika kwenye karatasi, akasimama pembeni na penseli sikioni wakati fundi akipima nguzo kwa mkono wake, kisha akaandika chini “imepimwa, sawa” na akatia saini. Mwalimu huyo ndiye anayeandika haya.

Hesabu ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni mkono. Dhiraa ya vitabuni ni inchi kumi na nane, lakini dhiraa ya Mzee Hamdan, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, ilikuwa inchi kumi na tisa na nusu. Alijenga ngalawa na mashua kwa mkono huo miaka thelathini na hakuna aliyezama, kwa sababu chombo kinataka kipimo kimoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Hakiulizi mkono ni wa nani. Ringi inauliza. Badala ya kusimama mita tatu na sentimita tano, yetu ilisimama mita tatu na sentimita thelathini, yaani imezidi shibri moja na kidogo. Hakuna aliyejua, maana hakuna mtoto wetu hata mmoja aliyewahi kuona ringi nyengine.

Walijua mwaka 1994, walipokwenda Unguja kwa mashindano ya skuli. Lo, siku ile! Karibu mipira yote ya Mkungumeni ilipita juu ya ringi, mingine juu ya ubao. Mmoja ulitua kwenye meza ya wageni rasmi ukaangusha chupa za soda. Watazamaji wakaanza kupiga kelele kwamba Wapemba wamekuja kuangua madafu. Tulifungwa arubaini na sita kwa sita, na hizo sita zote zilikuwa mitupo huru ya mchezaji mmoja, Fahmi, aliyekuwa kidato cha pili. Mwandishi alikaa mezani akiandika magoli na hakujua pa kuweka uso wake.

Baada ya wiki mbili akaja mkaguzi na futi kamba nzima. Akapima, akapima tena, kisha kikaitishwa kikao cha walimu. Mkuu wa skuli wa wakati huo, Mungu amrehemu, tangu mwanzo hakuwa ameridhika kuletewa mwanamke wa kusomesha hisabati, na alikuwa akiulizia njia ya kumrudisha wilayani. Akauliza ni nani aliyepima ringi ile. Karatasi ilikuwamo mkobani mwa mwandishi, na mwandishi alikwisha kufungua mdomo. Mwalimu Haroub akanyanyua mkono akasema ni yeye, alikisia tu kwa dhiraa, na samahani. Mzee Hamdan, aliyekuwa mlangoni, alimtazama, akamtazama na mwandishi, akageuka akaenda zake.

Mwezi uliofuata majina ya walimu wa kwenda kusomea ukocha nje ya nchi kwa miezi tisa mwaka 1995 yalitangazwa. Jina la Mwalimu Haroub lilikuwa limeshaandikwa. Lilifutwa, nafasi ikaenda kwa mwengine. Ilisemwa kuwa kocha asiyejua urefu wa kikapu akasomee kwanza nyumbani. Watoto wakampa jina la Dhiraa, na kwa miaka mingi alipopita barazani walinyoosha mikono wakajipima kiwiko hadi kidole. Yeye alikuwa akiwasahihisha wanaopima vibaya.

Mwandishi alimfuata kumwambia kuwa atakwenda kusema kweli. Mwalimu Haroub alimkataza. Alisema yeye ameshathibitishwa kazini na mwenzake hajathibitishwa. Kocha akichekwa atachekwa tu, lakini mwalimu wa hisabati akifukuzwa kwa kukosa kipimo hatasomesha tena popote kisiwani. Mwandishi alilia siku ile. Halafu akanyamaza, na ukweli ni kwamba kunyamaza kulikuwa rahisi. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo. Mwaka 1996, alipothibitishwa, alimfuata tena, akaambiwa maji yakimwagika hayazoleki, aende akasahihishe madaftari.

Ringi ilikuwa ishushwe. Kwanza msimu wa karafuu ulikuwa umeanza na Bi Mwanakhamis hakutaka kusikia habari ya kuchimbua nguzo kwenye sakafu yake. Msimu ulipokwisha, Mwalimu Haroub alikuwa ameona jambo. Watoto waliozoea kikapu kirefu walikuwa wakiurusha mpira juu sana, nao ulishuka wima. Wakipelekwa kwenye kikapu cha kawaida na kuonywa mapema wapunguze nguvu, mpira unaingia bila kugusa chuma. Ringi ikaachwa ilipo. Mwaka 1996 skuli yetu ilirudi Unguja na kushinda michezo mitatu kati ya minne, na hakuna aliyeuliza habari ya madafu.

Fahmi alimaliza skuli, akafuata jamaa zake Oman na kucheza katika klabu moja ya mji wa Sur. Kocha wa huko alitaka kujua ni nani aliyemfundisha kutupa mpira namna ile. Fahmi akamtaja mwalimu wake. Barua ya mwaliko ikafika mwaka 2007, na Mwalimu Haroub, akiwa na miaka arubaini na miwili, akaenda kufundisha vijana wa klabu hiyo. Kwanza ilimlazimu asomee cheti alichonyimwa mwaka 1995, darasani na watu wa umri wa watoto wake. Alishika nafasi ya pili, na amekuwa akisema kuwa wa kwanza alikaa karibu na feni.

Habari za Oman zilitufikia kwa simu na kwa Fahmi, ambaye hana siri. Siku ya kwanza Mwalimu Haroub aliingia ukumbini akaacha viatu mlangoni, kama alivyozoea kwenye sakafu ya Bi Mwanakhamis. Wachezaji wakadhani wakati wa sala umeingia, wawili wakenda kutia udhu. Mwaka wa pili aliagiza majamvi manane kutoka Pemba. Pale uwanja wa ndege walitaka kujua majamvi hayo ni ya nini. Akajibu ni ya mpira wa kikapu, wakayafungua yote. Aliyatandika nusu ya uwanja ule wa mbao uliong'arishwa, akawaambia vijana kuwa atakayekanyaga atoke. Siku za Jumapili alipandisha ringi kwa sentimita ishirini na tano. Viongozi wa klabu walimvumilia mwezi mmoja, wakamuita kumuonya mwezi wa pili, na mwezi wa nne wakaanza kuleta makocha wengine waje watazame.

Kuna siku mvua ilinyesha Sur, nayo huko ni nadra. Iliposhindilia paa la bati, mazoezi yakiwa yamepamba moto, Mwalimu Haroub alipiga ukelele “Anueni!” na mwenyewe akawa wa kwanza kuinama kukunja jamvi. Wachezaji walimuangalia tu. Fahmi peke yake ndiye aliyekimbilia jamvi la pili. Walikwisha kukunja matatu ndipo wakakumbuka kuwa hamna karafuu.

Vijana wale walimaliza wa tatu katika ligi yao mwaka 2009 na wa kwanza mwaka 2011. Wanne kati yao walichaguliwa katika timu za taifa za vijana. Lakini ukimuuliza Mwalimu Haroub ni siku gani aliyofurahi zaidi, atakwambia ni mchana mmoja wa Ramadhani, Agosti 2010, alipowasha televisheni akaona michezo ya Olimpiki ya vijana. Palikuwa na nusu uwanja, kikapu kimoja, watatu kwa watatu. Alimpigia simu mwandishi kabla hajamaliza kutazama. Alikuwa akicheka hata maneno hayatoki vizuri, akisema dunia imehamia Mkungumeni. Mwandishi alimwambia kwamba kwa hesabu zake dunia imechelewa miaka kumi na saba.

Mchezo huu umekua mbele ya macho yake. Alipoanza, habari zake zilikuja kwa redio na kwa gazeti moja lililozunguka hadi likachanika. Siku hizi watoto wetu wanaangalia kwenye simu wachezaji wa Kiafrika wakitamba Marekani na Ulaya, na bara letu lina ligi yake ya klabu. Watatu kwa watatu imeingia katika Olimpiki ya wakubwa tangu mashindano ya Tokyo ya mwaka 2021. Mwaka 2017 kanuni za kimataifa ziliruhusu mchezaji kufunika kichwa, na huo ndio ulikuwa mlango wa wasichana wetu. Mwalimu Haroub, ambaye alirudi nyumbani mwaka 2012 licha ya kubembelezwa abaki, alikuwa tayari anao wasichana tisa. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama yetu ilikuwa ile ile nusu sakafu.

Mwaka 2018 alialikwa Moroni, Komoro, kufundisha watatu kwa watatu, na akaomba aende na timu. Akaenda na wasichana wanne. Nahodha wao alikuwa Suhaila, mjukuu wa Bi Mwanakhamis, aliyekulia pembeni mwa majamvi na hajawahi kukanyaga karafuu hata moja. Walipoteza mchezo wa kwanza kwa kuchafukwa na bahari njiani, wakashinda mitano iliyofuata. Wenyeji waliuliza watoto hawa wamejifunza wapi kusimama ghafla namna ile. Suhaila akawaeleza habari za bibi yake, na inasemekana hawakumuamini. Leo Suhaila ni mwalimu wa michezo hapa kwetu, na ndiye anayepokea filimbi. Bi Mwanakhamis yuko hai, ana miaka themanini na nne, na masharti yake hayajabadilika.

Yote haya, mheshimiwa msomaji, yametoka kwenye sentimita ishirini na tano. Ndiyo maana watu wamezoea kusema kuwa kosa lile la Mwalimu Haroub lilikuwa na baraka. Mwandishi amelisikia neno hilo harusini, vikaoni na hata msibani, na kila mara amekunywa chai yake kimya. Baraka ilikuwa ya wote. Kosa halikuwa lake, na kozi aliyonyimwa haikurudishwa na mtu. Mwaka 2007, kabla Mwalimu Haroub hajapanda boti Mkoani kwenda zake, mwandishi alimwambia kwa mara ya tatu kuwa atasema. Alimjibu kwamba anakwenda kwenye nchi ya watu na moyo mwepesi, asimtwishe mzigo mwengine.

Karatasi ile ipo. Imekunjwa mara nne, imegeuka rangi, na imelala ndani ya kitabu cha majedwali ya logi kwa miaka thelathini na mmoja na ushei. Jumamosi ya tarehe 28 Juni, katika sherehe ya kumuaga, itabandikwa kwenye nguzo ya Mzee Hamdan, kwa urefu ambao kila mgeni ataweza kuisoma. Mwandiko ni wangu. “Imepimwa, sawa” ni maneno yangu, na saini ni yangu.

Mwalimu Haroub, najua utakasirika. Kasirika. Uliniambia mara tatu ninyamaze, nikakutii mara tatu. Ya nne nimekataa, kama vile na wewe ulivyopewa sakafu mara ya nne. Skuli inakushukuru kwa kila mtoto uliyemfundisha kusimama kabla hajakanyaga riziki ya mwenzake. Mimi nakushukuru kwa kazi yangu. Kila hesabu niliyoisomesha katika jengo hili, niliisomesha kwa sababu wewe ulinyanyua mkono. Tunakuombea wewe, mkeo Bi Ummi na watoto umri mrefu wenye afya, usingizi usiokatizwa na kengele, na jioni nyingi za kupita hapa kutazama watoto wakicheza. Viatu uviache pale pale pa siku zote, na mvua ikija, unajua la kufanya.

Nenda na kila kilicho chako. Jina la Dhiraa tu usiondoke nalo. Liache hapa skuli. Mwenyewe yupo, amebakisha miaka mitano kazini, na kuanzia Jumatatu akiitwa ataitika.

Bi Samiha Hafidh
Mwalimu wa Hisabati